Hesabu ya Refa wa Makambako

Mahali pengine duniani mtu akiangushwa ulingoni huhesabiwa mpaka kumi, na kumi hiyo huchukua sekunde kumi. Makambako ilikuwa vingine. Refa wetu alihesabu kwa pumzi zake, na alikuwa mtu wa pumzi ndefu. Kati ya tatu na nne aliweza kumwinamia aliyelala akamwambia, "Mama yako yupo pale mlangoni, usimtie aibu." Kati ya sita na saba alisimama kupandisha suruali. Mabondia wa Iringa na Mbeya waliokuja kupigana kwetu walirudi kwao wakilalamika kwamba walimwangusha mtu saa tisa akaamka saa kumi. Refa alipofikishiwa malalamiko hayo alijibu bila kukasirika: "Mtu ameshaanguka. Mnamharakishia nini? Anakwenda wapi?"

Simtaji jina kwa sababu hakuna aliyemtaja. Mkewe alimwita Refa. Mchungaji alimwita Refa, hata kwenye meza ya Bwana. Barua ya kumpunguza kazini ilipofika, ikiwa imeandikwa jina lake kamili, tarishi alizunguka nayo mjini siku mbili akimtafuta mwenyewe, mpaka mama mmoja muuza viazi akamwambia, "We baba, si Refa huyo?" Hivyo Refa alifanya kazi siku mbili zaidi ya alizopangiwa. Maisha yake yote aliziita siku zake za ushindi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza ghala la shirika moja la umma, nyuma ya stesheni ya reli. Lilijengwa kwa ajili ya mahindi na mbolea. Ilipokuja miaka ya ruksa, kila mwenye lori akanunua mahindi yake mwenyewe na kuyauza anakotaka, na ghala likabaki na panya waliokonda. Refa akaona nafasi. Akafunga kamba za katani kwenye nguzo nne za miti ya miwati, akatandika magunia, juu yake akavuta turubai, na tukapata ulingo. Shirika lilipokufa kabisa na ghala kuuzwa kwa tajiri, Refa alibaki na ufunguo wa chumba cha nyuma, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumdai. Ndani ya chumba hicho ndimo ulimokuwa Ukuta.

Nimesoma kwamba nchi zilizoendelea zina majumba makubwa ya kuwaenzi mabondia mashuhuri, yenye vioo na viingilio. Sisi tulikuwa na ukuta mmoja wa matofali, uliopakwa chokaa mpaka pale mkono wa Refa ulipofikia. Kwa miaka yote niliyoufahamu haukuwahi kuzidi picha tisa. Kila picha ilikuwa ndani ya fremu ya mbao, na chini yake karatasi yenye maneno machache. Maneno hayo hayakuwa ya Refa wala ya mwenye picha. Yalikuwa ya mtu aliyepigwa naye.

Hicho ndicho kilichokuwa kipimo, na hakikuwa na kingine. Hukuhitaji mkanda wala kombe. Pambano moja lilitosha. Lakini ilikubidi umlete mtu uliyempiga, asimame mbele ya Ukuta akiwa na akili zake timamu, aseme mwenyewe kwamba ulimpiga na ulimpiga kihalali. Akikataa, hupandi. Akiwa amekufa, pole sana, ungemleta mapema. Mmoja alikuwa ameandika: "Alinipiga vizuri. Mpaka leo sijaona ngumi ilikotokea." Mwingine: "Huyu alinipiga mara mbili. Mara ya pili nilikwenda kwa hiari yangu." Na mwingine: "Alinipiga, lakini amemwoa dada yangu, kwa hiyo naona tumelingana."

Mtu akija kujisifu, Refa alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha na chai, kisha akauliza: "Na yeye anasemaje?"

Swali hilo halikubaki ulingoni. Muuza viazi alisema viazi vyake ni vitamu kuliko vya Njombe yote, Refa akauliza, "Na aliyevila anasemaje?" Jirani alitangaza kwamba yeye na mkewe wanaishi kwa amani, Refa akageuza shingo kumtafuta mke. Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya Yakobo kushindana na malaika usiku kucha na kumshinda, na kutoka benchi la wazee wa kanisa ikasikika sauti, ya chini lakini ya kutosha: "Na malaika anasemaje?" Mchungaji akafunga Biblia, akasema tuimbe. Refa hakuondolewa kwenye uzee wa kanisa. Nadhani mchungaji naye alitaka kujua.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye drafti alikuwa mwizi wa wazi. Tulicheza kwa vizibo vya soda, na kizibo chako ukikiondolea macho kwa muda wa kupiga chafya, hukukikuta. Nilimuuliza, mtu wa haki kama yeye anawezaje kuiba kizibo? Akasema: "Ulingoni mimi ni refa. Hapa mimi ni mchezaji. Lete refa." Aliapa pia kwamba hanywi ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na ni kweli hakunywa, alionja. Alionja lita mbili, kisha akatoa uamuzi kwamba bado haujakomaa. Na mtu huyu aliyesimama kati ya wanaume wawili wenye hasira bila kupepesa jicho alivuka barabara kuu ya malori kumkimbia bata mzinga wa jirani. Alisema bata mzinga hasikii amri ya refa, "achana."

Mavazi yake yalikuwa makoti mawili ya mitumba, moja juu ya jingine, maana upepo wa Makambako hauna adabu. La ndani lilikuwa la kike, lenye vifungo upande usio wetu. Aliyecheka alipewa mkono wa koti aushike. "Sufi hiyo, kijana," alisema Refa. "Baridi haiulizi vifungo."

Sasa nifike kwangu, maana nimejificha nyuma ya bata mzinga vya kutosha.

Nilipigana pambano moja maishani. Nilikuwa kidato cha nne, mwembamba, nimeshaanza kutumia maneno kama "hatimaye" katika mazungumzo ya kawaida. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa Wanging'ombe, mtoto wa wakulima, mpole kiasi kwamba kabla ya kengele aliniuliza kama glavu zangu hazinibani. Raundi ya pili nikaenda chini, na sikuamka. Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo na bati la ghala lilivuja, kwa hiyo turubai lilikuwa na maji. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimekwishaamua: niliteleza.

Nilisema niliteleza nyumbani. Nilisema niliteleza bwenini. Niliposoma chuo kikuu, Dar es Salaam, kuteleza kwangu kulikua pamoja nami; niliwasimulia watu wa pwani, ambao hawajui baridi wala turubai, wakanihurumia. Baadaye nilianza kuandika makala magazetini, na moja ya zile zilizopendwa sana ilikuwa juu ya jinsi bati bovu lilivyoinyima Tanzania bondia. Ilikuwa ya kuchekesha. Nilijikejeli humo kwa kila kitu: miguu yangu, glavu zangu, kaptula niliyoazima. Mtu anayejikejeli hivyo, nani atamshuku kwamba amesaza kitu?

Refa, aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka kichwani pangu siku ile, hakuwahi kusema neno. Nilichukulia kwamba ananiunga mkono.

Nilirudi likizo ya mwaka wa pili nikiwa na maoni. Nilikuwa nimeandika Kanuni za Ukuta, kurasa kumi na nne zenye vipengele na vifungu vidogo, kamati ya watu saba, alama kwa kila ushindi, na ibara ya kuwaingiza "watu waliochangia masumbwi kwa njia nyingine." Sitajifanya sikumfikiria mtu fulani nilipoandika ibara ile. Nilimsomea zote. Alisikiliza akimenya kiazi cha kuchemsha.

"Hii kamati," akasema, "itakuwa imemwona mtu akipigana?"

"Si lazima, Mzee. Itasoma kumbukumbu."

"Kumbukumbu zitaandikwa na nani?"

"Na waliokuwepo."

"Basi tuwaulize waliokuwepo, kamati ipumzike." Akakila kiazi. "Na wewe, hii ibara ya njia nyingine. Ulimpiga nani?"

"Sikumpiga mtu."

"Haya."

Likizo iliyofuata nilizikuta Kanuni zimekunjwa vizuri na kusokomezwa kwenye dirisha la chumba cha nyuma, palipovunjika kioo. Lazima nikiri kwamba upepo haukupita. Ni kazi pekee ya kitaaluma niliyowahi kufanya ambayo matokeo yake unaweza kuyathibitisha kwa mkono. Kunifariji, Refa alinipa cheo cha katibu: wapigwa walitamka, mimi niliandika. Ndivyo nilivyokuwemo chumbani siku ya Alhaji.

Alhaji ndiye tajiri aliyenunua ghala. Alikuja Makambako zamani akiwa utingo juu ya magunia ya watu, akashuka, na kufikia miaka ile alikuwa na malori manane na neno lake sokoni lilikuwa kama mhuri. Mtu mkarimu, mwenye kicheko cha kujaza ghala. Siku moja aliingia chumba cha nyuma kuona kinachomzuia kukipangisha. Akatazama picha moja moja, akasoma maneno yote, kisha akakaa kwenye kreti la soda.

"Mzee Refa," akasema, "mimi nami nimepigana. Mlangali kule, enzi za utingo. Lori lilikwama kwenye matope siku nne, vijana wa kule wakatuchokoza, mwalimu wa shule akasema basi tupigane kwa utaratibu. Raundi ya tatu, mtu chini!"

"Hongera, Alhaji."

"Sasa tusizunguke. Chumba hiki nina mtu anakitaka kwa ajili ya mbolea. Lakini nikiwa na picha yangu humu, nitawezaje kujifukuza mwenyewe? Nitaezeka bati jipya. Nitavuta umeme. Unasemaje?"

Nilimtazama Refa kwa macho ya kumsihi. Dari lilikuwa linadondosha maji juu ya picha ya tatu wakati huohuo. Kukubali kulikuwa ni kuitikia kwa kichwa mara moja tu.

"Na yeye anasemaje?" akauliza Refa.

"Nani?"

"Wa Mlangali."

Alhaji akacheka. "Huyo nitakuletea! Jumamosi. Wewe andaa msumari."

Akatuma lori tupu mpaka Mlangali, likarudi na maharage na mtu. Jumamosi chumba kilijaa: wapakizi, mafundi, akina mama wa sokoni, na Alhaji katika kanzu iliyonyooshwa mpaka ikang'aa, akiwa na mpiga picha pembeni. Mtu wa Mlangali alikuwa mfupi, mpana, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama aliyekuja kuomba nafasi ya shule. Akaamkia wote. Kisha akamtazama Alhaji kwa muda.

"Huyu ndiye yule utingo?"

"Ndiye," akasema Refa.

"Amenenepa."

Watu wakacheka, Alhaji akiwaongoza. Refa akanyoosha mkono tukanyamaza.

"Mzee wa Mlangali, hapa hatuna Biblia wala Korani ya kushika. Tuna huu Ukuta. Huyu bwana alikupiga?"

Mtu yule akaigeuza kofia yake. "Ndugu zangu, Alhaji amenitumia lori zima. Nimekaa mbele, na dereva. Njombe nimekula wali na nyama. Jana nimelala kwenye godoro. Mke wangu ametumiwa khanga." Akavuta pumzi. "Sasa mnaniuliza kama alinipiga."

"Ndiyo, tunauliza hilo."

"Hakunipiga. Mimi ndiye nilimpiga yeye. Mengine yote ni kweli kama anavyosimulia, matope, mwalimu, raundi ya tatu. Ila aliyekwenda chini ni yeye. Nadhani kwa vile alikuwa chini hakuona vizuri."

Mpiga picha alianza kufunika kamera yake taratibu, kama mtu anayeondoka msibani. Refa akageuka, bila hata chembe ya ushindi usoni.

"Alhaji. Na wewe unasemaje?"

Alhaji akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Upepo ulitikisa bati lote.

"Hii habari nimeisimulia miaka mingi," akasema hatimaye. "Kwa wake zangu, kwa watoto, kwa mabenki. Mwanzoni nilikuwa nasema nilipigwa, watu wanacheka. Halafu nikawa nasema tulitoka sare. Kila nikisimulia nikawa nasogea mbele kidogo. Wallahi, sijui ni mwaka gani nilishinda." Akamtazama mtu wa Mlangali, naye akatabasamu kwa aibu. "Ngumi ya kushoto, eti?"

"Ya kushoto, Alhaji."

"Hapa, chini ya sikio."

"Hapo hapo."

"Katibu," Alhaji akaniambia, "andika. Alinipiga. Kihalali. Na mpiga picha asiondoke, nimeshamlipa, ampige huyu."

Hivyo mkulima wa maharage akapanda Ukutani, na bati jipya likaezekwa wiki mbili baadaye. Refa alimwambia Alhaji si lazima. Alhaji akajibu: "Maneno yangu yamo humo ndani, Mzee. Yatanyeshewa?" Chumba hakikupangishwa tena.

Mimi niliyaandika maneno yake kwa mwandiko wangu mzuri. Mtu mwenye malori manane alikuwa ameshuka chini mbele ya wapakizi wake, na katibu mwenye kalamu moja alikuwa bado amesimama juu ya turubai lenye maji. Nilipoinua kichwa nilikuta Refa ananitazama juu ya miwani.

"Umemaliza kuandika?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Haya," akasema.

Kulikuwa na msumari mmoja mtupu upande wa kulia wa Ukuta. Ulikuwepo tangu siku niliyoufahamu. Sote tuliamini ameuweka kwa ajili yake mwenyewe, na tulimhurumia, maana refa hajampiga mtu na kwa kanuni yake mwenyewe hawezi kupanda. Niliwahi hata kuandika makala juu ya msumari ule. Ilikuwa na falsafa nyingi.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa amehamia Njombe kwa binti yake. Nilimkuta asubuhi uani, ameketi juani akiwa na makoti yake mawili na blanketi, macho yamebaki kuona vivuli tu. Drafti ilikuwa mbele yake. Tulicheza, aliiba vizibo viwili kwa kupapasa.

"Umefanya vizuri kuja," akasema. "Nina kazi ya katibu."

Akaingiza mkono ndani ya koti la kike, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya zamani ya kijana mwenye mikono mirefu, glavu zimening'inia, anatazama kamera kana kwamba anaiomba radhi. Nilimtambua kabla sijaigeuza.

"Msumari ule ni wake," akasema Refa. "Mara tatu nimekwenda Wanging'ombe. Kwa miguu yangu, nilipokuwa nayo. Nikamwambia, njoo upande, shahidi wako namjua. Anakataa. Anasema hakukupiga."

"Hakunipiga?"

"Anasema uliteleza. Anasema alikuwa anadhani alikupiga, mpaka siku moja dukani akafungiwa sabuni kwa gazeti. Akasoma. Picha yako ilikuwepo. Akaniambia, 'Mzee, mtu wa chuo kikuu hawezi kuandika uongo gazetini. Mwache kijana wa watu.' Ile karatasi ameihifadhi. Huwasomea wanawe. Anawaambia, huyu mwandishi nilikuwa naye ulingoni, bahati mbaya yake ikawa bahati yangu."

Nilitaka kucheka. Huwa nacheka mahali kama hapo. Ndiyo riziki yangu.

"Yeye anasema uliteleza," Refa akasema. "Na wewe unasemaje?"

"Mzee, mvua ilikuwa inanyesha. Unakumbuka lile bati..."

"Moja," akasema Refa.

Nikaweka chini kizibo nilichokuwa nimeshika.

"Mbili." Akavuta blanketi magotini. "Tatu. Mama yako alikuwa mlangoni siku ile, nilikuambia. Nne."

Binti yake alichungulia kutoka jikoni, akaona baba yake anahesabu, akarudi ndani, nadhani alishazoea. Tano ilichukua muda. Sita ilichukua muda zaidi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati la ghala, na harufu ya magunia, na chini ya sikio langu la kulia, mahali ambapo sijawahi kumwonyesha mtu, pakapata moto.

"Saba," akasema Refa. Akapumua. "Nane."

Hesabu ikasimama hapo.

"Hapa ndipo uliponitazama," akasema. "Ulifungua jicho moja, la kushoto. Ukaniona. Ukamwona yule anakusubiri. Ukalifunga tena."

Jua la Njombe halichomi, lakini uso wangu ulikuwa unaungua.

"Ulijua miaka yote," nikasema. "Mbona hukusema?"

"Refa hasemi. Refa anahesabu." Akageuza macho yake yasiyoona upande nilipokuwa. "Tisa."

Akaanza kungoja. Ilikuwa hesabu ya Makambako, haina haraka. Angeweza kungoja mpaka chakula cha mchana. Nikatoa kalamu. Bahasha haikuwa na maandishi upande wa nyuma, nikaandika juu ya goti, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha nne sikutafuta neno la kuchekesha. Kisha nikamsomea:

"Alinipiga kihalali, raundi ya pili. Turubai lilikuwa na maji lakini sikuteleza. Nilisikia nane na ningeweza kuamka, nikaogopa kupigwa tena."

"Tia sahihi."

Nikatia.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akaipapasa bahasha, akaitia ndani ya koti, upande wa vifungo visivyo vyetu. Kisha akarudi kwenye drafti, akasukuma kizibo ambacho nina hakika kilikuwa changu, akaniambia zamu yangu.

Kumi hakuitamka.